Kuachiana Maji Tayari

Bomba la maji moto linapita ukutani, usawa wa bega langu la kushoto. Nimelizungushia kipande cha gunia mahali pamoja ili lisiniunguze. Kazi yangu ni kuosha kreti za plastiki zinazobebea pakiti za maziwa. Nazisugua kwa brashi kwenye karo refu la saruji lililo ujiani, na maji yangu ni ya baridi tu, kwa kuwa kreti haigusi maziwa yenyewe. Vidole vikianza kufa ganzi navua glavu, nageuka, nabandika viganja kwenye lile gunia mpaka damu irudi. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Mtu mwenye baridi hahitaji mwalimu.

Ujia wangu uko katikati ya vyumba viwili. Upande wa kulia ni mapokezi, ambako malori hushusha maziwa mabichi, na upande wa kushoto ni chumba cha kujaza, ambako mashine hutia maziwa kwenye pakiti. Kila chumba kina kituo chake cha kuoshea. Kituo si kitu kikubwa. Ni mabomba mawili yaliyotoka ukutani, la baridi na la moto, kila moja na koki yake ya gurudumu, buluu na nyekundu. Yanakutana kwenye kifua kimoja cha chuma, na humo ndimo maji huchanganyika. Juu ya kifua kuna kipimajoto cha mviringo mfano wa saa. Chini yake unaanza mpira mnene mweusi, na mwisho wa mpira kuna bastola. Ukiibana, maji yanatoka kwa nguvu za kung'oa rangi. Ukiiachia, yanakatika.

Mapokezi anaosha kaka mmoja tunayemwita Mwepesi, kwa sababu hana kazi inayomchelewesha, na pia kwa sababu ulimi wake ni hivyo hivyo. Chumba cha kujaza anaosha shangazi yangu. Huyu ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na ndiye aliyenisemea nikapata kazi hapa. Nilipoingia alinizungusha kiwandani kote, akanionyesha kituo chake kama mtu anavyomwonyesha mgeni kabati jipya.

"Baridi ndiye mwenyeji," aliniambia, mkono juu ya gurudumu la buluu. "Moto ni mgeni. Mwenyeji hutangulia kufungua mlango, ndipo mgeni anapoingia. Wakati wa kuondoka mgeni hutoka kwanza, mwenyeji anafunga nyumba yake. Ukigeuza utaratibu huo, utakuja kunionyesha malengelenge."

Alinifundisha pia kwamba maziwa ni ndugu wa yai. Ukiyakuta kwenye chuma ukayapiga na maji ya moto kabla ya mengine yote, yanaiva pale pale, yanashika, na hapo hata brashi ya waya itakuomba radhi. Kwanza suuza kwa maji ya uvuguvugu mpaka yanayotiririka yawe meupe kidogo tu. Kisha ndiyo sabuni na maji moto ya kutoa mvuke. Nilimuuliza kwa nini yai na maziwa yafanane ilhali moja ni la kuku na jingine la ng'ombe. Alinitazama, akasema kama ningeuliza hivyo shuleni nisingeishia nilikoishia. Maswali yangu huwa mengi, ila hutoka kwa shangazi tu. Kwa watu wengine hukwama kooni, na Mwepesi amekwisha nibatiza jina la Bibi Kimya. Akipita na toroli huniambia nisitumie salamu zote leo, nibakize za kesho.

Taabu ilianza na dada wa maabara. Yeye hupita baada ya shangazi kumaliza kuosha, anapangusa midomo ya mashine kwa kijiti chenye pamba, anaipeleka pamba kwake, na baada ya siku kadhaa anajua kama kuna vijidudu vilivyobaki. Midomo ile ya shangazi ilikuwa safi miaka yote. Ghafla pamba zikaanza kuota vijidudu. Mara ya kwanza dada wa maabara alifikiri amekosea mwenyewe, akarudia. Zikaota tena. Halafu pakiti chache zikavimba dukani, na msimamizi akaitwa juu kwa wakubwa.

Msimamizi si mtu mbaya. Alimwita shangazi pembeni, na kwa kuwa pembeni kwenyewe ni ujiani kwangu, nilisikia. Alisema anajua shangazi ni mkongwe wa kiwanda, lakini maziwa hayajui ukongwe. Chumba cha kujaza kinataka maji moto tangu mwanzo wa sabuni mpaka mwisho, na dalili zote zinaonyesha anaosha kwa maji yaliyopoa. Pamba zikiota tena safari hii atamtoa chumba kile, na mkataba wake ukifika mwisho hautaongezwa. Shangazi alisema anafungua nyekundu mpaka mwisho. Msimamizi akajibu kwa upole kwamba boila inayochemsha maji imekaguliwa na ni nzima. Maneno hayo ya upole yalikuwa mabaya kuliko makali, kwa sababu yalibakiza mwenye kosa mmoja tu.

Akaweka na mpango wa kusaidia. Alihisi labda vituo viwili vinagombea maji moto, basi akamwagiza Mwepesi awahi kumaliza mapokezi, ili shangazi abaki na moto wote peke yake.

Jioni ya siku hiyo nyumbani, shangazi aliweka mabeseni mawili sakafuni. Moja alilitia maji ya birika, jingine akalitia yaliyochanganywa na ya baridi. Alikunja mikono ya blauzi, akachovya kifundo cha mkono wa kulia, akaniambia nichovye na mimi. Akauliza lipi lingefaa kusuuzia na lipi kwa sabuni. Nilijibu. Akachanganya upya, akauliza tena. Tulifanya hivyo mpaka sakafu ikawa imelowa na chakula kimechelewa.

"Tunasema sawa kila mara," nilimwambia.

"Basi mkono wangu haujazeeka."

"Haujazeeka, shangazi."

"Kwa hiyo nini kimezeeka?"

Hakuwa akiniuliza mimi, lakini swali lile nililala nalo. Shangazi hakuwahi kuosha kwa kutazama kipimajoto. Kioo chake kina ukungu daima, na akishaanza kupiga maji chumba kizima hujaa mvuke, miwani yake ya plastiki nayo haioni. Hupima mwanzo, kwa kifundo cha mkono, kisha anavaa glavu nene na kuanza. Kama mkono ulikuwa mzima na mwanzo ulikuwa wa moto, basi maji yalikuwa yakibadilika njiani, baada ya yeye kuvaa glavu. Hapo ndipo nilipofika, nikashindwa kuvuka.

Siku chache baadaye vidole vyangu viliganda kama kawaida. Nikageuka kwenye gunia langu. Bomba lilikuwa baridi.

Nililifunua gunia nikashika chuma chenyewe. Baridi, na jasho juu yake. Nikadhani boila imezimwa, lakini nilisikia ng'ambo ya ukuta bastola ya shangazi ikinguruma. Alikuwa akiosha. Hili lilinishangaza kuliko baridi yenyewe. Bomba la moto likikaa bila kutumika hupoa, hilo nilijua kwa viganja vyangu. Anayekuja kulitumia hulipasha, kwa kuwa maji mapya ya boila yanapita. Hili lilikuwa likitumika na linapoa. Ni kama kuchochea moto halafu chungu kiwe barafu.

Tangu hapo sikuosha tena kreti kwa akili yote. Mkono mmoja ulikuwa kwenye brashi, sikio likiwa mapokezi. Mwepesi hupiga miluzi akiosha, na mluzi wake hukatika akimaliza, kisha hutundika bastola kwenye ndoano kwa kishindo. Nikaanza kushika bomba kabla ya kishindo na baada yake. Kabla, lilikuwa moto wa kuchoma. Baada ya kishindo, wakati bastola ya shangazi ingali ikinguruma, joto lilianza kukimbia chini ya viganja vyangu, taratibu, kama mtu anayeondoka bila kuaga. Nilirudia kesho yake, na keshokutwa. Ilikuwa hivyo hivyo. Mwepesi akiosha, bomba lina moto. Akiacha, linapoa.

Kila mtu kiwandani alijua kwamba maji moto hupungua watumiaji wakiwa wengi. Hapa yalipungua akibaki mtumiaji mmoja. Na kwa ule mpango wa msimamizi, Mwepesi alikuwa akimaliza mapema zaidi, kwa hiyo shangazi alikuwa akiosha muda mrefu zaidi kwa maji yaliyopoa. Siku ya pamba ilikuwa inakaribia.

Nilijua wa kumwambia. Fundi wetu wa mitambo anaitwa Koleo, kwa vile koleo haimtoki mfuko wa nyuma hata akiwa mapumzikoni. Ni mtu wa vyuo na vyeti, na hana majivuno, lakini mimi kumwanzia mtu mazungumzo ni sawa na kupanda ukuta. Nilifanya mazoezi na kreti. Nilizieleza kreti moja baada ya nyingine jinsi bomba linavyopoa, na zote zilielewa vizuri. Koleo alipotokea ujiani na ngazi begani, maneno yote yakarudi yalikotoka.

Alinisalimu, nikaitikia. Akalalamika kama mtu anayejisemea kwamba anakwenda kutazama tangi la maji moto kule juu kwa mara nyingine. Boya la kukata maji tangi likijaa amekwisha libadilisha, na bado tangi linajaa kupita kiasi na kumwaga ukutani kwa nyuma. Mlinzi wa geti ndiye pekee anayefurahi, maana ameweka ndoo pale na anafulia soksi zake kwa maji ya uvuguvugu.

Alikuwa karibu kunipita. Nilivuta lile gunia likaanguka, nikaelekeza kidole kwenye bomba.

Koleo alisimama. Akaweka ngazi chini, akashika bomba, akaliachia haraka akipuliza vidole.

"Moto," alisema. "Ulitaka nipate malengelenge?"

Nikainua mkono, nikimwomba asubiri. Mapokezi mluzi ulikuwa ukipanda na kushuka. Ng'ambo, bastola ya shangazi ilinguruma. Tukasimama kama watu wanaosubiri mlango ufunguliwe. Mluzi ukakatika. Bastola ya Mwepesi ikagonga ndoano.

"Sasa," nilisema. Lilikuwa neno langu la kwanza kwake lisilo salamu.

Akarudisha mkono. Uso wake ulianza kubadilika pole pole, kadiri bomba lilivyobadilika. Alihamisha mkono mbele, akaurudisha nyuma, akashika na bomba la baridi lililo chini yake, kisha akanitazama kana kwamba nimechomoa kitu mfukoni mwake.

Aliniuliza nimeliona hili lini, na likitokea hutokea wakati gani, na je, limewahi kutokea Mwepesi akiwa anaosha. Maswali yake yalikuwa yale yale niliyojiuliza mimi, na kwa sababu hiyo ikawa rahisi kujibu. Nilishangaa kusikia sauti yangu ikiendelea. Nilimweleza na mabeseni ya nyumbani. Alipofika pa kusema "kwa hiyo," alichukua ngazi yake akaiegemeza ukutani, akaniambia nimfuate mapokezi.

Mwepesi alikuwa akivua aproni. Kituo chake kilikuwa kimya, mpira umeviringwa vizuri, bastola iko kwenye ndoano, hakuna tone linalodondoka. Mtu yeyote angesema kimefungwa. Koleo akatazama magurudumu mawili. Yote yalikuwa wazi.

"Mbona hukufunga?" alimuuliza.

Mwepesi alisema amefunga, bastola ile haitoi hata jasho. Magurudumu hayafungwi, ndiyo utaratibu. Anayekuja zamu ya mchana anakuta maji yamekwisha changanywa, anabana tu bastola, anaanza. Asianze kuhangaika, mara yanamwunguza, mara yanamgandisha. Hapa watu huachiana maji tayari, ndio ubinadamu wenyewe.

Koleo hakubisha. Akafunga gurudumu la buluu peke yake, akaniambia nikimbie ujiani nikashike bomba. Nilikwenda. Kwanza lilikuwa baridi, kisha likawa vuguvugu, kisha nikalazimika kutoa mkono. Nilipaza sauti kwamba limerudi. Sikumbuki mara ya mwisho nilipopaza sauti.

Alipofungua kifua cha kile kituo, baada ya kukata maji yote, nilisogea mpaka nikamziba mwanga, akaniomba radhi ili nimpishe. Ndani ya njia ya maji moto kuna kipande cha shaba kama ulimi kilichofungwa bawaba upande mmoja. Maji yakija kutoka boila yanausukuma, unafunguka. Maji yakitaka kurudi nyuma, unajibamiza na kuziba njia. Ulimi ule ulikuwa umekwama wazi. Chini yake palikaa gamba jeupe la chokaa, dogo kuliko ukucha wangu.

"Tazama," alisema Koleo. Alinionyesha kwa ncha ya bisibisi. "Baridi inasukumwa na pampu. Moto unashuka tu kutoka kwenye tangi kwa uzito wake. Nani mwenye nguvu?"

"Baridi."

"Wakiwa wanatoka nje kupitia bastola, hawagombani, kila mtu anakimbilia mlangoni. Bastola ikizibwa na magurudumu yako wazi, wamefungiwa chumba kimoja. Mwenye nguvu atamsukuma mwenzake arudi alikotoka. Kazi ya ulimi huu ni kumzuia. Sasa haumzuii."

Nikaona yote kwa pamoja. Baridi ilikuwa ikipita hapa kimya kimya, inaingia bomba la moto, inakwenda moja kwa moja hadi kwenye mkono wa shangazi. Yeye akiona mvuke umepungua anafungua nyekundu zaidi, na nyekundu ndiyo iliyokuwa ikimletea baridi. Akishamaliza kuosha, baridi ile inapanda juu, inajaza tangi, inamfulia mlinzi soksi.

"Mwenyeji ameingia chumba cha mgeni," nilisema.

Koleo aliuliza hayo ni maneno ya nani. Nikamwambia ni ya shangazi. Mwepesi akacheka, akasema huyo Mama Mvuke ana maneno ya kila kitu, kwani hata huu utaratibu wa kuachiana maji tayari ni yeye aliyemfundisha, enzi zile alipokuwa akiosha mapokezi na yeye Mwepesi ni mgeni hajui buluu wala nyekundu. Alikuwa akimsifu. Halafu akaona uso wangu, na kicheko kikamwishia mdomoni.

Koleo akasema desturi ile haikudhuru mtu miaka yote ambayo ulimi ulikuwa mzima, na chokaa haina mwalimu. Angeweza kumwambia msimamizi kwamba ni chokaa, na huo ungekuwa ukweli. Mwepesi akasema yeye hajasikia kitu, na kama amesikia, masikio yake yana povu.

Nilimwambia shangazi mwenyewe, siku hiyo hiyo, tumekaa kwenye benchi la kubadilishia gambuti. Nilianza na ulimi wa shaba, na gamba, na mkono wake kwamba hauna kosa. Hapo alifumba macho akashusha pumzi ndefu. Ningeweza kuishia hapo. Lakini ningebaki na neno mdomoni kila tukila pamoja, basi nikamwambia na lile la magurudumu. Hakuniuliza nani kasema. Alivua gambuti moja, akakaa nayo mapajani muda, maji yakimdondokea sketi.

"Zamani mipira haikuwa na bastola," alisema mwishowe. "Ulikuwa ukimaliza ni lazima ufunge gurudumu, vinginevyo maji yanamwagika. Mtu wa zamu ya pili anakuja, anatafuta mchanganyiko, anaungua. Niliungua mimi, wakaungua na wenzangu. Zilipokuja bastola nikaona Mungu ametukumbuka. Nikasema sasa mwenzako unamwachia yakiwa tayari." Akatikisa kichwa. "Kumbe nilikuwa najichimbia mwenyewe."

Nilimweleza alivyopanga Koleo, kwamba itatajwa chokaa tu. Alisikiliza, kisha akavaa tena ile gambuti.

Msimamizi alikuwa mapokezi tayari, Koleo akimwonyesha gamba kwenye kiganja. Mwepesi alipotuona tunakuja, alikazana kuosha ukuta uliokwisha takata. Msimamizi alimgeukia shangazi, akaanza kusema kwamba inaonekana alimdhania vibaya, kosa ni la chokaa. Mlango ulikuwa umefunguliwa, alichotakiwa ni kuingia tu.

"Chokaa ni nusu," shangazi alisema. "Nusu nyingine ni yangu."

Alieleza yote, kuanzia mipira ya zamani. Hakulia wala hakujitetea. Alisema ulimi mpya ukiwekwa leo na watu wakaendelea kuacha magurudumu wazi, siku moja gamba jingine litakaa, na atakayeitwa pembeni atakuwa mtoto wa mtu mwingine asiyejua hata lilikoanzia. Nami nilisimama nyuma yake nimeshika upindo wa aproni yangu. Nikageuka kumtazama Koleo. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba hayo ni kweli, naye kama fundi alipaswa kuifungua ile njia na kuitazama zamani, badala ya kubadilisha boya.

Msimamizi aliligeuza lile gamba kwa kidole. Aliuliza ni wangapi wanaofuata desturi hiyo. Shangazi akajibu kwamba wote, zamu zote. Akauliza nani anayeweza kuwaachisha, kwa sababu yeye akibandika tangazo watalining'inizia kofia. Shangazi alisema aliyefunga fundo ndiye anayejua ncha ilipo. Msimamizi akasema basi tungojee pamba kwanza. Akaenda zake. Ilikuwa kauli ya kutolala nayo vizuri.

Wakati wa kungoja, shangazi hakukaa. Alimwomba Koleo rangi nyeupe iliyobaki kwenye kopo. Alifungua maji kwenye kituo cha mapokezi, buluu kwanza kisha nyekundu, akachovya kifundo cha mkono, akarekebisha, akachovya tena, mpaka uso ukamlegea. Hapo akapaka mstari mdogo kwenye kila gurudumu na mwingine kwenye shingo ya koki, mkabala. Akafunga yote, nyekundu kwanza. Mwepesi akaitwa ajaribu. Akafungua, akalinganisha mistari, akabana bastola, akapitisha mkono kwenye maji.

"Mama Mvuke," alisema, "haya si ndiyo yale yale?"

"Ndiyo yale yale. Ila sasa unamwachia mwenzako alama, humwachii mlango wazi."

Aliwafundisha mmoja mmoja, zamu zilipopishana. Wengine walinung'unika kwamba ni kazi ya ziada. Aliwaambia wakafulie soksi kwa mlinzi. Na mlinzi mwenyewe alikuja ujiani kuniuliza, kwa huzuni ya kweli, maji yake yamekwenda wapi. Nilimweleza kuhusu ulimi wa shaba mpaka akajuta kuuliza.

Dada wa maabara alitokea asubuhi, wakati nimezama kwenye kreti. Hakupitiliza kwa msimamizi. Alisimama mlangoni mwa chumba cha kujaza akiwa na visahani vyake vya kioo, akamwita shangazi aje avione mwenyewe. Nilitupa brashi nikaenda nyuma yao. Visahani vilikuwa vitupu, vinang'aa, ute wake wa kuoteshea umetulia kama maji ya kisima. Shangazi aliuliza vijidudu viko wapi. Dada akacheka, akasema hilo ndilo analomwonyesha. Shangazi alivishika kimoja kimoja, akavigeuza kwenye mwanga, akarudia tena cha kwanza.

Kuhusu mkataba msimamizi hakusema kitu siku hiyo. Ila mchana alipita ujiani na binti mgeni aliyevaa gambuti mpya zinazopiga kelele, akamfikisha kwa shangazi, akasema huyu ataosha zamu ya pili na anataka afundishwe na yeye, na atafundishwa kwa miezi, si kwa siku. Shangazi akajibu kwamba vyema. Alipopita karibu yangu alinifinya mkono juu ya kiwiko, akaniacha na alama.

Nikamsikia ng'ambo ya ukuta akianza: baridi ndiye mwenyeji, moto ni mgeni. Binti mgeni akauliza kwa nini isiwe kinyume. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliyepanda ngazi ili aifikie. Nilivua glavu, nikabandika viganja kwenye gunia, nikasikiliza atakachojibiwa.